Mama Uji, mpishi wa nzi, asubiri ganda lipasuke

Saa mbili kasoro asubuhi, sufuria kubwa inatokota: uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Mwanamke mwenye aproni anaukoroga kwa mwiko mrefu, anaunusa, anapunguza moto. Katika jengo zima hakuna mtu atakayeunywa hata kijiko kimoja.

"Wageni wangu hawasemi asante," anasema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Lakini nikikosea kidogo tu, wananifia."

Wageni hao ni nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanaishi kwenye chupa zilizozibwa kwa pamba, rafu juu ya rafu, katika chumba cha utafiti kilichopakana na jiko lake.

Kazini wanamwita Mama Uji. Zamani alikuwa muoka mikate kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, alimlea binti yake kwa kufua nguo za watu, mpaka akasikia kuna mahali wanatafuta mpishi.

"Sikuuliza nitampikia nani. Siku ya kwanza wakanionyesha nzi. Nikasema, jamani! Nyumbani nawafukuza kwa kitambaa, huku nawapikia!"

Leo hacheki sana. Mezani kuna chupa nne zilizotengwa na nyingine, na kila akipata nafasi anakwenda kuzichungulia.

Kuna nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta, ambaye hulitoboa buu la nzi na kutaga yai ndani yake. Buu huendelea kula, likanenepa, likajifunga katika ganda la kahawia kama kawaida. Kumbe mtoto wa nyigu yumo humo, anamla mwenyeji wake kutoka ndani. Siku ganda likipasuka, anayetoka si nzi.

Ukoo wa chupa hizi nne haukuwa wa kuliwa kirahisi hivyo. Miilini mwao waliishi bakteria ambao humdhoofisha mtoto wa nyigu mpaka akafa kabla hajamaliza kazi yake. Bakteria hao hupita kwa mama, ndani ya yai.

"Mama ndiye anayewafungia watoto mzigo wa safari," anasema Mama Uji. "Baba anapita tu. Nawajua wengi wa namna hiyo."

Mtafiti anayeongoza kazi hii, dada mmoja mwembamba asiyekaa chini, aliwapata nzi hao miaka kadhaa iliyopita kwenye lundo la matunda yaliyooza nyuma ya soko. Amerudi pale mara nyingi, hajawapata tena wenye bakteria hao. Waliopo ni hawa tu.

Sasa haijulikani kama bado wanao.

Binti yake Mama Uji alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mama mtu aliomba likizo. Kabla ya kuondoka alifanya kile ambacho watunza nzi hufanya wakitaka kupunguza kazi: alizihamishia chupa kwenye kabati la baridi. Kwenye baridi nzi hukua polepole, na hawahitaji kubadilishiwa chakula kila mara. Kwa koo nyingine haina neno.

Kwa ukoo huu ilikuwa na neno. Nzi wenyewe huvumilia baridi, lakini bakteria wao hupungua, na watoto wakazaliwa mikono mitupu. Mtafiti alilijua hilo, ila hakukumbuka kumwambia mpishi wake, na wakati huo alikuwa safarini.

Mjukuu alizaliwa kabla ya wakati. Likizo ya wiki chache ikawa ya miezi, na mfanya usafi ndiye aliyewabadilishia nzi chakula mara mojamoja.

"Kule nilikuwa nimemfunga mtoto kifuani usiku na mchana asipate baridi," anasema Mama Uji. Anakoroga uji. "Na hawa nimewaacha kwenye baridi."

Mama Uji aliporudi kazini, mtafiti, naye ndiyo kwanza ametoka safari, ndiye aliyefungua kabati.

"Mama, hizi zimekaa huku tangu lini?"

"Tangu niondoke, mwanangu. Nimewapumzisha."

Mtafiti akakalia ndoo iliyofunikwa, mikono kichwani. "Basi tumekwisha."

"Angenigombeza ningejua pa kujificha," anakumbuka Mama Uji. "Lakini aliniuliza, 'Mjukuu anaendeleaje?' Hapo ndipo nilipolia."

Kwa macho huwezi kumtofautisha nzi mwenye bakteria na asiye nao. Wakaamua kuwaingizia mabuu nyigu, wakasubiri. Wote wakitoka nyigu, ukoo umekwisha na utafiti umekwisha.

Leo ndiyo siku ya maganda kupasuka. Mtafiti anaingia, mkoba ungali begani.

"Umekunywa chai?"

"Itapita wapi, Mama?"

Chupa ya kwanza: viumbe vyeusi, vyembamba, vyenye vipapasio virefu. Nyigu. Ya pili, nyigu. Ya tatu wamejaa mpaka kwenye pamba. Mtafiti anageukia dirishani.

Ya nne maganda bado yamefungwa. Mama Uji anavuta kigoda, anakaa nayo uso kwa uso, na uji unapoa jikoni.

Ni karibu na adhuhuri anapoita, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Mwanangu, njoo. Polepole."

Ganda moja limefunguka mdomo. Anayejikokota kutoka ni mweupe, mabawa yamejikunja, macho mekundu.

"Ni nzi," anasema mtafiti. "Lakini mmoja anaweza kuwa ameponea chupuchupu tu."

"Basi tumsubiri mwenzake."

Mwenzake anakuja. Kisha wengine, na wengine, na nyigu wanaotoka kati yao ni wachache. Mtafiti anasema atawapima wazazi wao kwa mashine ili awe na uhakika kwamba bakteria bado wapo, lakini tayari ameuvua mkoba, na anaomba chai.

Mama Uji anatenga majike kwa brashi laini, kila mmoja chupa yake, uji mpya. "Kila mmoja nitamwekea bwana mmoja," anasema. "Naye ana kazi yake, tusimsingizie."

Ameshaomba chumba cha pili, chenye joto, ili ukoo usikae tena kabati moja. Ameomba pia msaidizi, na kuanzia wiki ijayo atamfundisha.

"Mjukuu wangu ameanza kukaza shingo. Nataka kwenda kumwona akikaa, akitambaa," anasema, akiziba chupa ya mwisho kwa pamba. "Nataka niondoke huku hawa wamebaki na mtu anayewajua."