Mkoromo wa Saa Nane Mchana

Pale kwenye kiwanda cha mikate walimwita Mama Chafya, na hakuwa na la kujitetea. Alfajiri akifungua tu gunia la kwanza la unga, chafya saba mfululizo, wenzake wakizihesabu kwa sauti kabla ya kazi kuanza. Miaka kumi na tisa alipima unga na kuumimina kwenye mashine ya kukandia. Pua ilimwasha, machozi yakamtoka, kamasi zikamchuruzika kama maji. Ikifika saa nne, pua imeziba ndi!

"Mafua tu haya," alisema, akidondosha puani matone ya kuzibua ya dukani. Zamani pua ilifunguka siku za mapumziko. Tangu azoee yale matone, haikufunguka tena.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la kiwanda hicho hicho, na alifariki mwaka juzi. Marehemu yule alikuwa na mkoromo, jamani, si wa mchezo! Ulivuta, ukakwama, kisha ukashuka taratibu kama mtu anayelalamika.

Basi siku moja, saa nane mchana, mjane amejinyoosha baada ya kazi, pazia limefungwa, usingizi ndio kwanza unamchukua, akausikia. Nyuma ya mgongo wake, upande wa marehemu. Ukavuta, ukakwama, ukashuka. Nywele zilimsimama. Alipogeuka, mkoromo ulikatika, na pale palikuwa na mto mtupu.

Wiki ya kwanza alilala taa ikiwaka mchana kweupe. Ya pili, alianza kujisogeza ukutani ili kumwachia nafasi. Kufikia mwezi, kazi ikiisha alikuwa hasemi na mtu, mbio nyumbani. Siri ya mtungi aijuaye kata, hakumwambia mtu.

Binti yake alikuja kumtembelea, akausikia kutoka sebuleni. Alisukuma mlango polepole, akapiga picha za video kwa simu, kisha akamwamsha.

"Mama, unakoroma vibaya."

"Si mimi. Huyo ni baba yako."

 Binti alimwonyesha video: mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka sawasawa na ile sauti. Mama aliitazama, akarudisha simu. "Kwani hujaona nilivyomwachia nafasi?"

Kesho yake binti alimburuta kwa daktari. Daktari alimulika puani, akakuta nyama za ndani zimevimba.

"Unga ndio unaokuchokoza," alisema. "Mwili wako umeufanya adui. Na haya matone umeyatumia muda gani?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Lo, mama! Ni ya siku chache tu. Ukizidisha, yenyewe ndiyo yanayoziba pua."

Kikulacho ki nguoni mwako! Aliambiwa aache matone, asafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, apulize dawa puani kila asubuhi, avae barakoa, na ahamishwe kitengo cha kufungasha mikate. "Ukiendelea kuuvuta huo unga, utakuletea pumu. Na pumu inaua."

Alitii, maana binti alilia. Wiki ya tatu pua ilifunguka. Alisikia harufu ya mkate wa moto, harufu aliyoisahau kabisa, akafurahi mpaka akamkumbatia mpakiaji aliyefanya kazi kando yake.

Saa nane alijilaza upande wake. Kimya. Kesho yake kimya vilevile, na keshokutwa. Chumba kilikuwa kikubwa mno. "Nimekukosea nini?" aliuuliza mto. Uchungu uliomshika ulizidi ule wa siku ya mazishi, kwa sababu safari hii alijua ni yeye aliyemfukuza.

Mwezi ulipita. Siku moja binti alipita kiwandani kumchukua wakale pamoja. Kitengo cha kufungasha hayupo. "Kaingia stoo ya unga," mpakiaji alimwambia. "Siku hizi hakosekani huko."

Stoo ilikuwa na giza la vumbi jeupe. Mama alikuwa amepiga magoti, barakoa imeshushwa kidevuni, kichwa chote ndani ya gunia lililo wazi, akivuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine.

"Mama!"

Aliinua uso mweupe mpaka kope. Midomo ilianza kuingia weusi, pumzi zinamjia nusunusu, lakini alikuwa akitabasamu.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema kwa taabu. "Baba yako amekaribia."