Dada na Ndada

Nikikata sabuni ya mche kwa kisu, ile harufu hunirudisha darasani, siku niliyosimama kusoma mstari mmoja tu: "Dada anafua nguo."

Sisi watoto wa Mikinduri, kule Meru, tulikuwa tunasema "ndada". Ulimi wetu ulitaka ile "n" mbele. Lakini dada yangu mkubwa aliwahi kufanya kazi mjini, na jioni akifua, povu likimfika viwikoni, alinifundisha kutamka "dada" safi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa viatu vipya.

Basi nikasoma vile alivyonifundisha. Darasa likaangua kicheko.

"Uuui! Mswahili wa Mikinduri huyo!"

Mwenzangu wa dawati akanifinya paja. "Soma kama watu, bwana. Ama uhame hapa."

Nikasoma tena: "Ndada anafua nguo." Kicheko kikakatika. Mwenzangu akasogea kunipa nafasi, na hata mimi nikatabasamu.

Jioni dada akaniuliza, mikono ikiwa ndani ya karai, "Leo ulisoma aje?"

"Vizuri sana, ndada."

Alinitazama kidogo. Hakunirekebisha. Akaendelea kufua, na toka siku hiyo hakunifundisha neno lingine.

Siku hizi nafua peke yangu, kwenye chumba cha kupanga. Mikono ikishazama ndani ya povu, huwa nasema polepole, "Dada." Nalitamka vizuri kabisa, na hakuna anayecheka.