Nukta Iliyo Nje ya Njia ya Mirihi

Ni saa tisa alasiri. Fundi miwani anazima mashine ya kusaga lenzi, anapangusa vumbi kwa kiganja, kisha anatandaza karatasi pana kuliko meza yenyewe. Katikati amechora jua. Kulizunguka, nukta za penseli zinaonyesha njia ya sayari ya Mirihi.

Nukta moja imekaa nje ya njia. Hiyo ndiyo inayomnyima raha.

Darubini aliiunda mwenyewe, kwa lenzi na bomba la plastiki. Majirani hawakumwacha apumue kwa utani. "Waliniita Bwana Sayari. Mke wangu akawa Bibi Sayari, na akawa anaitika!" anasema.

Kazi hii inataka moyo. Akiipima Mirihi leo, huchora mstari mmoja kutoka Dunia kuielekea. Kisha husubiri karibu miaka miwili, sayari ilizunguke jua na kurejea palepale, apime tena. Wakati huo Dunia iko kwingine, hivyo mstari wa pili hutokea upande mwingine. Mistari inapokutana, ndipo Mirihi ilipo.

Katika nukta ile, mstari wa kwanza ni wa mkewe. Fundi alikuwa hoi kwa homa, mama wa watu akapanda juu ya paa peke yake.

"Aliniambia, 'Wewe lala, baba watoto. Hako kanyota kako hakanishindi.'"

Hakuiona mistari ikikutana. Alifariki Mirihi ikiwa njiani kurudi, na mstari wa pili fundi aliupima wiki aliyomzika.

"Baba, nukta hiyo si uifute tu?" anasema binti yake, anayepokea wateja dukani. "Mama hakusomea mambo haya."

"Kwani mimi nilisomea wapi?" anajibu fundi. "Nikiifuta kwa sababu ni ya mama yako, nimedanganya. Nikiiacha kwa sababu hiyohiyo, nimedanganya vilevile."

Binti anashika ncha ya karatasi isijikunje.

Mwezi ujao Mirihi inarejea palepale. Fundi atapima mara ya tatu, na mstari huo utaonyesha nani kati yao alikosea. Skrubu za darubini amekwisha kuzikaza.

Anamdhania nani? Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anakawia kuivaa.

"Siku ile nilipima huku machozi yananitoka," anasema. "Naomba tu niwe mimi."