Manyoya ya Jogoo wa Nadhiri

Kuna mwaka ambao sikuweza kuingia mji wa mtu nikaamkia kama nilivyofunzwa. Mdomo ulisema shikamoo, lakini macho yalikuwa kwa jogoo, na wala si jogoo mzima, shingo yake tu. Nilikuwa natafuta manyoya.

Nieleze kwanza, maana hata mama yangu alidhani nimerukwa na akili. Katika nyumba za kupanga tulizokaa Ukunda, chumba cha pili kutoka chetu aliishi mama mmoja wa bara, mfua mashuka hotelini. Kabla ya kuja pwani alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko kwao katika karakana ya kufunga nzi wa bandia. Unachukua ndoana ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho, unaizungushia uzi na unyoya mpaka inafanana na mdudu aliyetua majini. Samaki aitwaye trauti, wa mito ya baridi ya milimani, akimwona huyo mdudu humrukia. Yule mama alikuwa amekuja na jiliwa lake dogo la kubania ndoana. Jioni alilikaza ukingoni mwa meza akafunga nzi wawili watatu, "mkono usisahau," akisema. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, kazi sina, mikono ninayo. Akanifundisha.

Trauti nilimjua kwa picha za simu tu. Ana madoadoa mwili mzima, na ubavuni ana mstari mwekundu kama mtu amempitishia kidole chenye hina. Nilimpenda. Na maji yake, mwalimu wangu alisema, ukitia mguu unauma mpaka mfupani. Mimi baridi niliyoijua ni ya friji ya soda. Siku nyingine muuza duka akigeuka nilikuwa naingiza mkono humo mpaka kwenye kiwiko, nafumba macho, nawaza mto.

"Wewe, unanunua au unaoga?" alinipigia kelele siku moja.

Mwalimu wangu alimfahamu mzee mmoja huko mlimani anayewapeleka wageni kuvua. Akamtumia nzi wangu watatu, bila kuniambia. Jibu lilikuja kwa sauti kwenye simu yake: "Huyo kijana ana mkono. Anifungie dazeni tatu za rangi ya moshi kabla msimu haujaanza, na aje nazo mwenyewe. Akae hapa msimu mzima, awe akifunga kando ya mto." Niliisikiliza sauti ile mpaka mwenye simu akaidai simu yake.

Kando ya mto! Kilichobaki kilikuwa manyoya.

Hapo ndipo nilipojua kazi. Kuku wa broila anachinjwa angali mtoto, manyoya yake laini kama pamba. Yanakunywa maji, nzi anazama. Ya tetea ni vivyo hivyo. Yanayotakikana ni ya shingo ya jogoo mzee, makavu, yenye kung'aa, ambayo ukikunja unyoya nyuzi zake zinasimama kama meno ya kitana. Jogoo afike miaka mitatu. Sasa niambie, pwani hii ni jogoo gani anafika miaka mitatu? Idi inakuja, maulidi yanakuja, mkwe anakuja.

Tena awe wa rangi ya moshi. Sokoni muuza kuku aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mweusi nimezoea. Mwekundu nimezoea. Mweupe ndio kabisa. Wa moshi? Mganga wako mpya huyo! Anatibu nini?"

"Si mganga, ni samaki."

"Samaki ameagiza kuku!" Akawaita wenzake waje wanione.

Nilikwenda Tiwi, nikafukuzwa kwa ufagio. Nilikwenda Kikoneni, nikampata mmoja wa kijivu, lakini alikuwa kijana kama mimi, manyoya bado teketeke. Njiani niliokota ya kanga yaliyodondoka mashambani, yale ya madoa, nikayatia kwenye daftari kuukuu. Yana kazi yake, ila hayakuwa ndiyo.

Jogoo wangu nilimwona Mkongani. Alikuwa anapita mbele ya nyumba moja kama mwenye nyumba. Shingo yake ilikuwa rangi ya moshi wa kuni mbichi, na kila unyoya uking'aa kwenye ncha kana kwamba umepakwa mafuta. Bibi mmoja alikuwa ameketi kibarazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na mganga gani?"

"Sijatumwa, bibi. Nataka manyoya tu."

"Wote husema hivyo."

Nikatoa kiberiti changu cha kuwekea nzi, nikamtilia mmoja kiganjani. Nusura ampige kofi. Alipojua ni uzi na manyoya alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akamtazama jogoo, akaacha kucheka.

"Huyu hauzwi, mwanangu. Ni wa nadhiri."

Binti yake alikuwa ameenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Asubuhi ya kuondoka, bibi alikamata kifaranga kilichokuwa kikipita mlangoni, akaweka nadhiri: mtoto wangu akirudi salama, huyu nitamchinja na majirani wale. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Sasa ulikuwa unaenda mwaka wa nne.

"Na akirudi?" niliuliza.

"Akirudi, nyama yetu, manyoya yako. Basi omba dua."

Nikaomba. Wallahi niliomba kwa bidii ambayo sijawahi kuombea mtihani. Kila Ijumaa nilipanda Mkongani na pumba za kuku mfukoni, nikaokota manyoya yaliyodondoka, ingawa yanayodondoka huwa yamechakaa ncha. Bibi alinihadithia binti yake: kicheko chake husikika mpaka kwa jirani, na ugali wake siku zote huungua chini. Nami nilikaa namtamani mtu nisiyemjua arudi, huku jicho likiwa shingoni mwa kuku. Ijumaa moja, nikiushika unyoya mmoja kwenye mwanga, nikafahamu kwa nini ulikuwa mzuri vile. Ulikuwa mzuri kwa sababu mtu hajarudi. Niliona haya, nikauweka chini. Baadaye nikauokota.

Msimu ulipobakiza wiki tatu kuanza, nilifika nikamkuta jogoo amefungwa mguu kwa kamba, mlangoni. Nikatupa macho kizingitini kutafuta viatu vya msafiri.

"Amerudi?"

"Hajarudi," bibi alisema. "Amepiga simu jana. Tajiri wake amemwongezea miaka miwili. Mchukue jogoo."

"Bibi!"

"Nimechoka kumlisha kuku wa mtu asiyekuja. Mchukue, uende huko kwenye mto wako. Mmoja wenu afike anakotaka."

Nitasema kweli: niliishika kamba. Nikamtia jogoo kwapani, nikashukuru, nikaondoka. Nilisikia moyo wake ukipiga mbavuni kwangu, na mimi kichwani tayari nilikuwa niko mlimani, nimevaa sweta. Nilipofika kwenye mkorosho wa kwanza nikageuka nimpungie mkono. Bibi alikuwa amechukua ufagio. Anafagia pale jogoo alipokuwa amefungwa, palipokuwa safi tangu asubuhi, anafagia tu, hainui kichwa.

Nikarudi.

"Umesahau nini?"

"Bibi, kwani nadhiri ina tarehe?"

"Nani amekufunza dini wewe?"

"Dini sijui. Lakini nikimchinja huyu, binti yako akija tutamwambia nini? Kwamba tuliacha kumngoja?"

Aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akaketi, akafunua leso yake mapajani. "Mlete hapa. Na huo mkasi wako wa kukatia nyuzi. Leo jogoo amepata kinyozi."

Bibi alimshikilia, mimi nikakata. Moja hapa, moja pale, nisimwache shingo wazi. Unyoya wa kumi na nane ukamtosha, akaanza kutukana kwa lugha yake, tukamwachilia. Manyoya mawili kwa kila nzi. Nikafunga nzi tisa. Sijawahi kufunga nzi wazuri kama wale. Niliwaweka kwenye karai la maji wakasimama juu, wepesi, wakingoja.

Mwalimu wangu alipojua alishika kichwa. "Wewe nawe! Umeacha safari ju ya kuku? Si ungemchukua tu, ukamtumia huyo bibi jogoo mwingine ukifika?" Lakini nzi aliwafunga kwenye pamba vizuri, akawatuma kwa basi.

Mzee wa mlimani alijibu baada ya wiki. Wanaelea vizuri sana, alisema, mgeni wake amepata samaki wa kwanza kwa huyo wa rangi ya moshi. Ila tisa hawatoshi msimu, amempata kijana mwingine wa hukohuko. Akatuma na picha: mkono wa mtu umelowa, trauti ndani yake, na nzi wangu pembeni ya mdomo. Niliikuza picha ile nikautazama mto nyuma ya mkono. Mawe meusi, na maji yanayopita meupe. Nililia kidogo, si sana.

Ijumaa iliyofuata nilipanda Mkongani na pumba zangu. Simu ya bibi ni ya vibonye, haioneshi sura, kwa hiyo binti yake alikuwa amepewa namba yangu. Alipiga saa nane mchana. Nikaona uso kwa mara ya kwanza, mwembamba, nyuma yake jiko la vigae vyeupe. Bibi alikuwa hajamaliza kumjibu salamu, jogoo akawika.

Binti akasogeza uso karibu na simu.

"Mama," binti alisema, "huyo ni yeye? Bado hamjamla?"

"Tumle kwa sababu gani? Umekuja?"

Kicheko kikatoka, kile cha kusikika kwa jirani, kikakatika katikati. "Msogezee simu. Msogezee awike tena, kabla sijaitwa."

Bibi akasimama, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwa jogoo, nami nikamshika kiwiko. Jogoo alitutazama kwa jicho moja. Kisha akainama, akaendelea kufukua mchanga.

"Anakuja," bibi aliiambia simu. "Ngoja kidogo, mwanangu. Usikate."