Sahihi Sita za Mwanafunzi Mmoja

Afisa wa serikali aliyekuja kukagua shirika letu alifika Kitengela Jumanne moja asubuhi, akiwa peke yake, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa daftari la mahudhurio. Sisi tulikuwa tumeandaa vitu vingine. Juma zima tulipanga mikataba ya wafadhili na ripoti zenye picha za rangi. Hakuzigusa.

"Nipe ile wanaandika wenyewe," alisema.

Mimi ni karani katika shirika dogo linalohudumia wakimbizi na watu wanaoomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Burundi. Wamepanga vyumba Kitengela kama nilivyopanga mimi niliyetoka Vihiga. Tunaendeshwa kwa ruzuku za ng'ambo, na ni kazi ya serikali kuhakikisha kwamba kinachoingia kwa jina la wakimbizi kinawafikia wakimbizi. Hayo niliyajua kwa kuyasikia mikutanoni. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiyafanya.

Alikuwa mama wa makamo, Mmaasai, mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, akafungua daftari la darasa la Jumamosi, akapitia kila ukurasa kwa kidole. Chai tuliyomletea ikapoa. Karibu saa sita akaniita.

"Huyu ni mtu mmoja ama ni watu sita?"

Nikainama kuangalia. Jina lilikuwa moja, nimeliandika mimi. Lakini kwenye safu ya sahihi, Jumamosi za mwanzo kulikuwa na alama ya dole gumba. Baadaye ukaja msalaba. Baadaye herufi moja kubwa iliyolala ubavu, kisha herufi tatu, kisha jina zima lililopanda mlima. Kurasa za mwisho zilikuwa na sahihi nyembamba yenye mkia, kama ya meneja wa benki.

"Ni mmoja, madam," nilisema, ila nilisikia sauti yangu ikisita. Daftari lile nililipitisha darasani kila wiki, na sikuwahi kulitazama hivyo.

"Anapatikana?"

Nilieleza kwamba mwanamke huyo alikuwa amehamia Kajiado mjini, anasuka nywele, na huku huja Jumamosi tu. Nilimpigia simu mara mbili, hakushika.

"Mimi narudi Kajiado," afisa alisema. "Twende na wewe. Wewe ndio unamjua."

Njiani, kwenye gari lake la kazi, nilingoja maswali ya kunitega. Badala yake aliuliza kama Wakongo wanaoongea Kiswahili nao wanasema "sahani" kama sisi, na kama mtu mzima anaona haya kukaa darasani. Tulipopita Isinya nikajipa moyo, nikamuuliza yeye anatafuta nini hasa.

"Nataka kujua kama huyo mtu yuko," alisema. "Nikipata yuko, nitauliza swali lingine."

Saluni ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko. Nilimwona papo hapo, amesimama nyuma ya mteja, vidole vikienda mbio. Yeye alimwona afisa kwanza, na kitambulisho cha serikali shingoni mwake. Vidole vikasimama. Afisa akasalimia, akataja jina la mtu anayemtafuta.

"Ule mama alihama," alisema yule mwanamke. "Sijue alienda wapi."

Akanitazama mara moja, akarudisha macho kichwani kwa mteja. Nikaelewa. Karatasi zake za kuomba hifadhi zilikuwa bado hazijajibiwa, na mimi nilikuwa nimemletea serikali mlangoni. Ningesema neno moja tu, shirika letu lingekuwa salama. Sikulisema. Nilisimama pale nikiona aibu kwa pande zote mbili.

Afisa hakumsukuma. Alivua kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akauliza kusukwa matuta madogo kunachukua muda gani. Wakaanza kuongea kuhusu nywele. Mteja wa kwanza alipoondoka, afisa akatoa nakala za kurasa za daftari, akazitandaza mapajani.

"Mama, sikuja juu ya makaratasi yako ya hifadhi. Hiyo si kazi yangu. Nilitaka tu kuelewa huyu mwanafunzi."

Yule mwanamke akachungulia. Akaona herufi yake iliyolala, akacheka akiwa ameziba mdomo.

"Ni mimi," alisema.

Afisa akampa kalamu aandike jina lake. Akaishika, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Unataka ya zamani ama ya sasa?"

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa akitoka mbali hivyo kila Jumamosi. Alituambia kwamba alipoingia nchini alisomewa maelezo yake haraka haraka, akaambiwa aweke kidole. Aliweka. Hakujua mpaka leo kilichoandikwa juu ya kidole chake. Siku ya kuitwa tena kuhojiwa juu ya hifadhi alitaka asome mwenyewe.

Afisa akanigeukia. "Kwa hivyo hilo darasa ni la kusoma na kuandika?"

"Ndiyo, madam."

"Ripoti ya shirika lenu inasema ni mafunzo ya sheria."

Ripoti ziliandikwa na ofisi yetu ya Nairobi, na ruzuku ile ilikuwa ya mambo ya sheria tu.

"Watu ni wa kweli," alisema. "Jina la kazi ndilo si la kweli. Nitaandika zote mbili."

Na ndivyo alivyoandika. Wakubwa wangu walikasirika kwanza, wakawaomba wafadhili radhi baadaye, kwa maandishi. Wafadhili walisimamisha darasa wakati barua zikienda na kurudi, na kwa miezi kadhaa mwalimu wetu alifundisha bila malipo kwenye ukumbi wa kanisa. Kuna siku nilimlaumu afisa, hasa wanafunzi walipopungua. Mwishowe wafadhili walikubali darasa liitwe lilivyo, likarudi, ingawa baadhi ya wanafunzi hawakurudi nalo.

Mwaka huu amekuja mkaguzi mwingine. Alihesabu mafaili, akagonga mihuri, akamaliza kabla chai haijaiva. Wenzangu walimshukuru Mungu. Mimi nilimsindikiza hadi getini, nikashangaa kujikuta nimesikitika kwamba hakuuliza kitu.