Kijisura cha Macho Matatu

Mwenyekiti alisema zile sura zinatia aibu. Tovuti ilikuwa ya chama cha familia zenye watu waliokwenda kutafuta maisha nje, na kila mwanachama asiyeweka picha yake, kompyuta ilimchorea kijisura cha vigae vya rangi kutokana na jina lake. "Utadhani ukuta wa chekechea," alisema. "Weka herufi ya kwanza ya jina, yatosha." Fundi wa tovuti akabadilisha kanuni asubuhi ile, akajimiminia chai.

Chai haijapoa, shangazi yake akaingia ofisini akihema, simu mkononi, kamba ya kiatu ikiburuta.

"Mwanangu, amefika! Ameweka picha!"

Fundi alijua mara moja anasemwa nani. Mtoto wa pekee wa shangazi aliondoka kwa njia za panya, akaacha ahadi: nikifika salama, mama, utaona picha yangu kwenye tovuti imebadilika. Kisha kimya. Shangazi hakujua kusoma. Kila alfajiri alifungua simu, akakikuta kijisura kile kile cha kijani chenye macho matatu, akasema "bado," akaenda zake kazini.

"Mtazame! Macho yangu hayaoni vizuri, lakini si amesimama, miguu kaitanua kama marehemu baba yake?"

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na herufi A.

"Shangazi, kaa kwanza."

"Nikae vipi? Nimeshawapigia wote, mpaka mjomba wako yule tusiyesemeshana naye!"

Uongo ulimjia fundi mdomoni, mtamu kama asali. Akifurahi hivi leo tu, nani ataumia? Lakini kesho mama atataka kusikia sauti.

"Ni mimi, shangazi. Nimebadilisha picha za wote. Yeye hajagusa kitu."

Shangazi hakulia. Alifunga kamba ya kiatu, taratibu, akaifungua, akaifunga tena.

"Mrudishe."

Fundi aliandika mstari mmoja wa kumtenga yule mmoja na wenzake. Kijisura kikarudi, kigae kwa kigae, kijani, macho matatu.

"Jana nilipokiona nilisema bado," shangazi alisema. "Sasa nitasemaje?"

Simu ikaita mkononi mwake. Ndugu, wa kupongeza. Ikakatika, ikaita tena. Akamsukumia fundi.

"Pokea wewe. Wewe ndiye uliyemfikisha."