Hewa ya Kukodi

Mwanamke aliyetukodishia mitungi ya hewa alikuwa mjane wa mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga mjini. Miaka ile biashara ilipoachwa huru, kila mwenye akiba alitafuta cha kufanya. Yeye alinunua vifaa vya kuzamia na mashine ya kujazia hewa, akaviteremsha ziwani, Mbamba Bay. Mume wangu alivikodi ili akamate mbuna, wale samaki wadogo wa rangirangi ambao Wazungu huwafuga kwenye vioo.

Kila asubuhi yule mjane ndiye aliyemvalisha mume wangu. Alimfunga kiunoni mkanda wa vipande vya madini ya risasi, uzito wa kumzamisha, akauvuta, akamgeuza huku na huku, akampapasa mabegani.

"Ni usalama tu, wifi," aliniambia nilipokunja uso.

Wifi! Tangu lini mume wangu akawa kaka yake? Na usalama gani unaochukua muda wote ule kiunoni?

Basi nikajifunza ukaguzi, nikatangaza kwamba nitamvalisha mimi. Nilifungua koki ya mtungi mpaka mwisho, nikavuta pumzi kwenye kipumulio huku nikitazama mshale wa kipimo. Ukichezacheza, ujue koki haijafunguka sawasawa. Nilikagua mipira kama imepasuka. Sitaficha: niliona hata kasoro zisizokuwepo. Leo oringi, kile kipete cha mpira cha kuziba hewa, imelegea, kesho miwani inavuja. Kila nilichokataa, yule mwanamke alikikagua upya kwa upole wake wa kuudhi, akakikuta kizima. Wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani, pale ufukweni wakapata la kucheka.

Siku moja nilivuta pumzi nikahisi harufu ileile ya kwenye mashine ya kusaga mahindi. Dizeli. Nikageuka kutazama mashine ya hewa, ambayo bado ilikuwa ikijaza mtungi mwingine. Upepo ulikuwa umegeuka, na moshi wa injini ulikuwa ukienda moja kwa moja kwenye mrija unaovuta hewa. Tulishaambiwa tangu mwanzo kwamba hewa yenye moshi humzimisha mtu akiwa chini, asiibuke tena.

"Baba watoto, usizame. Hewa ina moshi."

"Jana oringi, juzi miwani," akasema, akajitwisha mtungi mwenyewe. "Wivu wako utatulaza njaa."

Akaingia majini. Nilimshika mkono, akauchomoa mbele za watu. Maji yalipomfika kiunoni nilikimbia kwa yule ambaye nilikuwa nimeapa kutomwomba hata chumvi.

"Dada, nakuomba, kaionje ile hewa."

Aliingia ziwani na gauni lake. Akakitwaa kipumulio kutoka mdomoni mwa mume wangu, akakitia mdomoni mwake, akavuta mara moja, akatema mate.

"Kaka, toka. Mkeo anasema kweli."

Akatoka. Hakuuliza swali hata moja. Alivua mtungi, akamshika yule mwanamke mikono yote miwili, akamwambia asante, asante sana, umeniokoa.

Nilikaa mchangani nikalia kwa sauti. Wale wanawake wa usipa wakaja kunishika mabega, wakisema mwacheni alie, ni furaha.